Aliyetuchagulia Bastola

Binti yake Sajini alinipigia simu Jumatano baada ya adhuhuri, nami nnapara samaki jikoni. Hakunisalimu, na yule ni mtoto aliyefunzwa, hawezi kukupita bila ya shikamoo. Alisema, "Bi Zuwena, baba hanijui tena. Asubuhi kaniuliza mimi nani, na nnatafuta nini ndani mwake." Nikampa pole, nikamwambia uzee huo mwanangu, sote tunaendea huko. Kisha akasema kwa kunong'ona: "Bastola yake haimo kisandukuni. Nimeitafuta siku mbili. Nikimuuliza ananitazama tu."

Niliweka kisu chini. Nilimuuliza kwa nini hakwenda polisi, akaanza kulia. Ati majirani watasemaje, baba yake akaguliwe na vijana aliowafundisha mwenyewe. Nikamwambia asimwamshe akilala, asipite nyuma yake, na akiingia chumbani ataje jina lake kwa sauti. Nikasema n'takuja kesho asubuhi. Samaki yule sikumla.

Kabla sijasema nilichokwenda kufanya, nataka mumjue Sajini ni mtu gani, maana asiyemjua atasema mzee mwenda wazimu na silaha yake, na mimi sitaki asemwe hivyo. Anayetaka kumsema hivyo aje anikabili mimi.

Hapa kwetu Unguja bastola si kitu cha kila mtu. Waliokuwa nazo kwa kibali ni wachache: mwenye hoteli huko pwani, mwenye duka la kubadilisha fedha, sonara mmoja mmoja. Kibali wanatoa polisi, baada ya barua ya sheha wa mtaa na maswali chungu nzima. Sajini alikuwa keshastaafu, hana muhuri wala ofisi. Lakini mtu akitaja tu kwamba anataka bastola, wenzake walimuuliza, "Ushakwenda kwa Sajini?" Na ukienda akakukatalia, habari ilifika kwenu kabla yako.

Miaka yake yote ya kazi alitunza ghala la silaha la polisi. Hakufukuza mwizi, hakuvaa nishani. Asubuhi alifungua mlango wa chuma akagawa bunduki, jioni akazipokea, akazihesabu, akazisafisha, akafunga. Aliniambia kwamba alikuwa akijua, kabla hajaambiwa na mtu, kama siku ile kuna aliyeuawa. Nikamuuliza anajuaje, kwa harufu? "Kwa namna askari anavyonirudishia," alisema. "Aliyeua haiweki mezani. Anakupa mkononi. Anataka umpokee." Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyoniagizia chai, na mimi nikaimaliza chai yangu bila ya kujua ladha yake.

Alikaa Michenzani, ghorofa ya nne, kwenye yale majumba marefu. Mimi na magoti yangu haya nilizipanda zile ngazi nikitukana kimoyomoyo. Ukifika, mlango uko wazi, pazia limeteremshwa, na yeye yuko juu ya mkeka anashona kofia. Naam, kofia za mkono, zile za vitobo vidogo vidogo ambazo moja humla mtu miezi. Vidole vyake vilikuwa vinene, lakini sindano ilimtii. Hakukutazama ukizungumza naye. Aliuliza, ukajibu, akashona. Ukitia uongo, sindano ilisimama, na ukajua kwamba kakusikia.

Mara ya kwanza nilikwenda kwake mwaka ule nilioibiwa. Marehemu mume wangu aliniachia duka la dhahabu Mji Mkongwe na nyumba Mpendae. Mchana kweupe, siku ya Ijumaa, wanaume wako msikitini, watu watatu waliingia kwangu kwa mlango wa uani na mapanga. Wakanifunga kwa kanga yangu mwenyewe, wakachukua walichokuja kuchukua. Mmoja wao akaniambia, "Shangazi, tulia, hatutaki kukuumiza." Panga nililisahau baada ya wiki. Neno lile shangazi liliniondolea usingizi miezi sita. Kila kijana aliyenisalimu njiani nilimtazama mara mbili.

Basi nilifika kwa Sajini na hasira za kutosha mtaa mzima.

"Nataka bastola," nilimwambia. "Ndogo, ya kutia mkobani. Na wakija tena nataka wasitoke."

"Ushawahi kuchinja kuku?"

"Nshachinja, kwani vipi?"

"Mimi siwezi," alisema, akaendelea kushona.

Na kweli hakuweza! Mtu mzima yule, ambaye akiona tundu la risasi kwenye karatasi anakwambia umesimama vibaya mguu gani, akinunua kuku wa sikukuu alimpelekea jirani wa chini amchinjie. Mwenyewe akasimama ngazini vidole viko masikioni. Watoto wa jengo zima wakimcheka. Hakujali. Alikuwa akisema mtu anayeona kuua ni jambo jepesi hana haja ya kufundishwa, ana haja ya kuombewa dua.

Siku ile nilimtolea picha kwenye simu. Bastola ndogo, inang'aa, mpini mweupe, nimeiona kwa muuza silaha mmoja wa Dar es Salaam. Akaitazama kwa adabu. "Nzuri," alisema. "Ya kuvalia harusini."

Kisha akaniambia nimpe mkono. Alinipima kiganja kwa uzi wa kofia, kutoka kwenye gumba mpaka ncha ya kidole cha shahada, akaufunga uzi fundo. Akaniambia bastola ya kwanza haichaguliwi kwa macho, inachaguliwa kwa kiganja. Kadiri ilivyo ndogo na nyepesi ndivyo inavyozidi kukurukia mkononi. Anayeanza akirukiwa mara moja anaogopa, akiogopa anafumba macho, na akifumba macho risasi inakwenda inakotaka yenyewe. Nitafute ya wastani, yenye uzito wa kuutuliza mkono, mpini ujae kiganjani, na kidole kiifikie triga bila ya kujinyoosha. Iwe ya risasi zinazopatikana, si za kuagizia. Na nikifika kwa muuzaji niikoki mwenyewe, niivute ile sehemu ya juu, mara kumi, mbele yake, asinisaidie. Nikishindwa mara ya saba niiache, hata kama ya bei rahisi, kwa sababu siku ya hofu nguvu za mtu zinabaki nusu. Ile yenye pipa la risasi la kuzunguka aliisifu kwamba haina mambo mengi, lakini akasema triga yake nzito, na vidole vyangu vilishazoea kazi laini.

Yote haya nilimsikiliza vizuri, nikayaandika. Nikadhani tumemaliza.

"Ushajua bastola," alisema. "Sasa tuje kwako. Niandikie majina ya watu wote wanaoingia ndani mwako bila ya kupiga hodi."

Nikaandika pale pale: mwanangu, dada yangu, basi. Sindano ikasimama. "Nenda kakae nyumbani siku mbili," alisema, "uhesabu."

Wallahi nilitaka kumtupia ile karatasi. Lakini nilikwenda nikakaa. Siku ya kwanza kabla ya adhuhuri nilikuwa na majina saba. Mke wa jirani aliingia kuomba ndimu. Mpwa wangu aliingia kuchaji simu, akafungua friji, akala, akaondoka, na mimi nimo chumbani sikumsikia. Shemeji alikuja kuchukua ngazi. Mama mmoja wa Tumbatu aliyekuwa akiniletea samaki alipita uani moja kwa moja mpaka jikoni, akaacha furushi lake kwenye sinki, akenda zake. Ilipofika siku ya pili jioni nilikuwa na majina kumi na tisa, na nina hakika nimewasahau wengine. Ndivyo nyumba zetu zilivyo. Mtu wako akikupigia hodi unamuuliza kama mna ugomvi.

Nikampelekea. Aliisoma yote, polepole, kidole kikipita chini ya kila jina.

"Mgeni hupiga hodi, bibi," alisema. "Wasiopiga ni wawili tu: mwizi, na mtu wako. Sasa weye umo chumbani, umesikia mlango wa uani. Utamjuaje?"

"N'tamjua."

"Hata yule aliyekufunga alikwita shangazi."

Nikavuta buibui langu. Akaniambia nichague moja: bastola, au nyumba inayoingiwa. Viwili pamoja havikai. Na nisichague pale, nikachague baada ya kuuona uso wa kila mmoja wa wale kumi na tisa.

Nikachagua bastola. Ndiyo, nikachagua, nisijifanye mtakatifu. Nikawatangazia ndugu na majirani kwamba kuanzia leo hapiti mtu kwangu mpaka abishe, ajitaje, ajibiwe. Mmh! Mngeona! Dada yangu wa tumbo moja alisimama kizingitini na sahani ya vitumbua mkononi, akasema, "Nikupigie hodi mimi, Zuwena? Mimi niliyekubeba mgongoni?" Akaondoka na vitumbua vyake, asirudi mwaka mzima. Yule mama wa samaki akahamia kwa jirani. Nilipomlalamikia Sajini hakunihurumia hata kidogo. "Ndiyo bei yake," alisema. "Ile ya dukani ndogo."

Kwa muda mrefu nilidhani swali lile la hodi kalitoa kwenye hekima. Kumbe kalitoa kwenye donda. Kabla yangu alikuwa na mwanafunzi mmoja, mwenye duka la vitambaa, akikaa Amani. Mzuri kuliko wote aliopata kuwafundisha: mkono mtulivu, jicho kali, hana pupa. Sajini alimpitisha huyo bila ya wasiwasi, hakumuuliza nani anaingia kwake. Mwezi wa Ramadhani, karibu na magharibi, dada yake akaja na bakuli la futari kama kila siku. Akapita mlango wa nyuma, jikoni hakuna mtu, akaingia chumbani kutafuta kiberiti. Kaka yake alikuwa anatia udhu. Akasikia droo inavutwa. Akatoka kimya kimya kama alivyofundishwa, akachukua bastola, akaona kivuli nyuma ya pazia.

Risasi moja tu. Yule dada alikuwa kainama, ndiyo maana akabaki hai. Hadi leo anatembea kwa gongo. Inasemekana alipoanguka alisema, "Kaka, mimi," na kaka akaketi chini pale pale mpaka watu walipokuja na adhana ikaisha bila ya mtu kufungua saumu yake. Alikwenda bara, hakurudi tena.

Sajini alinisimulia hayo siku moja tu, na siku hiyo hakushona. "Alipiga pale pale nilipomfundisha," alisema. "Bila ya kusita. Mimi ndiye niliyemwambia asisite." Kila Idi alikwenda Amani kumtembelea yule dada, na kumpelekea mumewe kofia. Aliniambia mwanamke yule humpokea vizuri, humletea halua na kahawa, humuuliza magoti. Akasema laiti angemtukana mara moja tu, angalau angelala.

Ajabu ni kwamba mtu huyu uwanjani alikuwa mwengine kabisa. Tulipewa ruhusa ya kutumia uwanja wa shabaha Jumamosi mbili kwa mwezi, njia ya kusini, mahali penye tuta kubwa la udongo na upepo wa chumvi. Mzee wa mikeka na sindano alipotea. Alisimama nyuma yako sauti imekauka: "Shusha bega. Mguu. Pumua. Usiivute hiyo triga, isukume kama unavyosukuma ushanga." Mwenye hoteli mmoja aligeuka na bastola mkononi kumuuliza kitu, mtutu ukapita mbele yetu sote. Sajini alimpiga kofi la mkononi, pa! mbele ya madereva wake. Yule tajiri akasema unajua mimi nani? Sajini akamjibu, "Maiti wangu wa mwaka huu, kama sikukuzuia." Akamfukuza, na hakumrudisha kwa maombi wala kwa zawadi.

Mimi nilipenda. Nisiwadanganye. Nilipenda ule mshtuko wa mkono, na ile karatasi kutoboka pale nilipotaka. Hofu iliyonilalia tangu ile Ijumaa iliniondoka tundu kwa tundu. Nikawa nnangoja Jumamosi kwa hamu. Baada ya miezi michache Sajini alinisimamisha kati ya zoezi, akaichukua bastola mkononi mwangu, akaifungua, akaifunga kisandukuni.

"Nimekosa nini?"

"Hukukosa. Umeanza kutabasamu. Kapumzike mwezi mmoja."

Nilimkasirikia, nikamwita mzee mchawi, si mbele yake lakini. Nilipofika nyumbani nilijitazama kwenye kioo cha kabati, nikajaribu kukumbuka nani nilikuwa nnamuona kwenye ile karatasi. Nilikuwa nnamuona kijana. Kijana yeyote. Mwezi ule nilipumzika kweli.

Sasa mtauliza, kama alikuwa akituonya hivyo, yeye mwenyewe bastola ya nini? Nami nilimuuliza. Kati ya watu kumi waliokwenda kwake, tisa aliwarudisha na kufuli jipya na shauri la kufuga bata mzinga, ati hulia kuliko mbwa. Na yeye anayo yake, ya kibali, kwenye kisanduku chini ya kitanda, na hana mali ya kuibiwa zaidi ya nyuzi. "Mimi nshaharibika," alinijibu. "Miaka yote ile nimelala karibu na ghala. Bila ya chuma chumbani sisikii usingizi. Usinifuate mimi, fuata maneno yangu." Nilicheka siku ile. Nilidhani ni mzaha wa wazee.

Nilipofunga duka, bastola yangu niliirudisha polisi. Dhahabu hakuna tena, ya nini? Dada yangu alisikia, akaja siku ya pili, akapita mlango bila ya hodi, akaweka sahani mezani. Tulilia, tukala. Tangu hapo kwa Sajini nikawa nnakwenda kwa nadra, sikukuu na sikukuu, na ndiyo maana dalili niliziona zikiwa zimeshakomaa.

Mwaka jana niliukuta mlango wake umefungwa. Mlango ule ambao haukuwahi kufungwa mchana! Akanifungulia baada ya kuniuliza maswali matatu. Ndani aliniambia majirani wanamuibia sindano. Baada ya muda mfupi akaniambia tena, kwa maneno yale yale, kama ndiyo kwanza kakumbuka. Kofia aliyokuwa akiishona ilikuwa na mshono mmoja umerudiwa juu ya mwengine mpaka kitambaa kimekuwa kigumu. Niliona. Kisanduku nilikifikiria pale pale, na neno lilifika kwenye ncha ya ulimi. Lakini nitamwambiaje? Yeye ndiye aliyekuwa akituambia sisi. Nilimuonea haya, nikaaga, nikateremka ngazi. Hilo ni kosa langu mimi, na tangu simu ile ya Jumatano nimekuwa nikilitafuna.

Alhamisi nilifika saa tatu za asubuhi. Nikabisha, nikajitaja jina langu na la baba yangu. Binti alinifungulia, macho yamevimba. Kaachika, kazi yake ni ualimu, na wiki ile hakwenda skuli hata siku moja. Sajini hakuwa mkekani. Alikuwa kwenye kiti kilichoelekezwa mlangoni, mto mgongoni, na mkono wa kulia uko nyuma ya mto. Mimi nikajua pale pale mkono ule umeshika nini.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Umekuja kwa habari ya kibali?"

Hakunijua. Nilikaa kwenye kigoda, upande, nisiwe mbele ya mkono ule. Binti yake alipita kwenda jikoni, na macho ya mzee yakamfuata hatua kwa hatua.

"Yule mwanamke simjui," aliniambia kwa sauti ya chini. "Anaingia na kutoka. Leo au kesho n'tamaliza naye."

Nilikuwa nimepanga uongo wangu vizuri. Nimwambie polisi wanazikusanya bastola zote kwa ukaguzi, nimchukulie yake nimpelekee. Lakini nilipomtazama ule uso, uso ambao ukimdanganya tu ulisimamisha sindano, ulimi ulinikataa. Nikasema kitu chengine.

"Sajini, nna jambo nataka shauri lako. Yupo mzee mmoja, ana bastola ya halali, mtu safi. Sasa akili inampotea. Na bastola kaificha."

Niliona mgongo wake unanyooka. "Anakaa na nani?"

"Na binti yake."

"Anamtambua?"

"Siku nyengine. Siku nyengine anamwita mwizi."

"Na nyinyi mnangoja nini?"

"Tunamuonea haya. Ni mtu mkubwa. Katufundisha sote."

"Haya!" Alitema lile neno. "Haya yenu itamzika mtoto wa watu. Mchukulieni leo. Msiite kikao cha ukoo, msingoje mkubwa wa familia aje kutoka Pemba. Leo hii."

"Na akikataa?"

"Mwambieni mimi nimesema. Mimi ndiye ninayepitisha, na mimi ndiye ninayezuia."

Binti yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo mkononi. Nilijua nikisema na asinisikie vizuri, mkono ule utatoka nyuma ya mto, na hatutakuwa na pa kukimbilia. Na nilijua nisiposema, kesho au keshokutwa nitaitwa kuja kuikosha maiti ya yule binti.

"Sajini," nikasema, "mzee huyo ni weye."

Chini barabarani mtu alikuwa akinadi viazi kwa kipaza sauti, nakumbuka mpaka bei. Mkono ukatoka. Bastola ilikuwa kubwa kuliko nilivyoikumbuka. Mtutu ukapita polepole kwenye kifua cha binti yake, ukasita, na mimi nikasema shahada moyoni. Kisha ukateremka ukaelekea sakafuni. Akatoa magazini ya risasi. Akavuta sehemu ya juu, na risasi iliyokuwa imelala mtutuni ikaruka, ikagonga saruji, ikabiringika mpaka kwenye kidole cha mguu cha yule binti.

Sajini aliitazama muda mrefu. "Nani kaitia hii?" aliuliza.

Akaivuta tena bastola, akachungulia, akatia kidole akahakikisha, akaninyooshea mpini. Nikaipokea.

"Siku n'takapokuja kuidai," alisema, "haya yote sitayakumbuka. N'takuja nikiwa na hasira, au n'takuja kwa maneno matamu. Usinifungulie mlango."

"Sajini, vipi mimi nikufungie mlango?"

"Niahidi."

Nikamuahidi. Binti yake alikuja akapiga magoti, akaweka kichwa kwenye paja lake, na yeye akamuacha, akimtazama kwa adabu kama mtu aliyekalia kiti cha jirani yake kwa bahati mbaya. Siku ile ile mimi na binti tuliipeleka bastola kituoni, tukapewa karatasi. Yule askari aliyeipokea alikuwa mwanafunzi wake. Hakutuuliza sana.

Alikuja Jumatatu, saa nne za asubuhi, kwa miguu, kutoka Michenzani mpaka Mpendae na jua lile. Nilimuona dirishani: kanzu safi, kofia kichwani, binti yake anamfuata nyuma amechoka. Aligonga.

"Zuwena," aliita. Jina langu, ambalo siku nne kabla hakulijua. "Zuwena, mwanangu, nifungulie. Ni mimi Sajini."

Mkono wangu ulikuwa juu ya komeo. Bastola haikuwamo kwangu, hakuna ambacho angeweza kukipata. Ningeweza kumfungulia, kumkalisha kivulini, kumpa maji. Ningeweza.

"Umo ndani, nakusikia unavyopumua. Nimekukosea nini, Zuwena? Sema nimekukosea nini."

Nikaziba mdomo kwa kanga. Aligonga tena, akangoja, akagonga. Kisha nikamsikia akimuuliza binti yake kwa sauti ya upole, "Kwani hapa tumekuja kwa nani?"

Binti akamwambia, "Tumepotea njia, baba. Twende nyumbani."